Nitakuja kwa Kihispania

Hospitali kuu ya mji ule ilikuwa na mlango wa nyuma ambao wagonjwa hawaujui. Ukiingia hapo unateremka ngazi saba, unakumbana na mvuke, na ndani ya mvuke huo, kwa miaka thelathini na mmoja, ungemkuta mtu mmoja mrefu, mwembamba, ameinama kidogo kama anayesikiliza mashine inamwambia nini. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio. Watu wote walimwita Pasi.

Pasi alikuwa dobi. Alifua mashuka ya wodi tisa, mapazia, foronya, na mavazi ya kijani ya chumba cha upasuaji. Alilijua shuka la wodi ya wazazi na la wodi ya majeruhi bila kusoma alama. Kila mfanyakazi mpya alimwambia maneno yale yale siku ya kwanza: damu inaloweshwa kwa maji baridi, maana ya moto huipika, ikang'ang'ania kwenye uzi mpaka shuka linachakaa nayo. Alikuwa mtu wa taratibu kiasi kwamba mwenzake wa kukunja, mama mmoja mnene waliyemwita Mama Mikunjo, alizoea kusema, "Huyu hata akifa, atainuka kwanza ainyooshe sanda yake."

Yeye na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, binti. Binti huyo alipofika miaka ishirini na mitatu alipata kazi ya kuhudumia vyumba kwenye meli kubwa ya abiria. Huko melini akakutana na fundi wa mitambo, kijana mpole wa nchi ya mbali wanakosema Kihispania. Wakapendana, wakashuka meli pamoja, wakaoana kwao kijana. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kike.

Bibi mtu ndiye aliyempa mtoto jina la Chiriku, akiwa amemwona kwenye simu tu. Kisa ni mdomo. Alianza kusema mapema, na alipoanza hakunyamaza tena. Mama yake alikuwa akimsemesha Kiswahili nyumbani, kwa hiyo zile Jumapili za mwanzo babu na bibi walishiba. Mtoto aliwaimbia, akawaonyesha meno, akawahesabia vidole mpaka kumi huku akiruka sita kila mara.

Chiriku alipokuwa na miaka mitatu na nusu, mama yake aliugua. Ulikuwa ugonjwa wa damu, wa wiki tano tu. Akazikwa huko huko. Pasi na mkewe waliyaona mazishi kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji, na katikati picha ikakwama, wakabaki wanatazama kiwiko cha mtu wasiyemjua kwa dakika nzima. Mkwe wao alijitahidi. Kila Jumapili saa tisa alasiri hakukosa kupiga. Ila yeye hakujua Kiswahili, na mtoto hakuwa tena na wa kumsemesha. Kiswahili kikamtoka Chiriku kidogo kidogo. Kwanza zikaenda nyimbo, zikafuata namba, kisha maneno ya jikoni. Alipotimiza miaka sita lilikuwa limebaki moja tu, "babu", na hilo alilitumia kumwita yeyote aliyetokea kwenye kioo cha simu, bibi yake akiwemo.

Mkewe Pasi alikuwa anachana nywele na kuvaa hereni kwa ajili ya simu ile. Anakaa wima kwenye kochi kama anapigwa picha ya kitambulisho. Chiriku anaporomosha maneno, bibi anaitikia kwa Kiswahili, wanacheka wote wawili, halafu kicheko kinaisha na hakuna anayejua la kufuata.

"Tunatazamana kama kuku na bata," mkewe alisema siku moja baada ya simu kukatika. "Mzee, huyu ni mjukuu wangu au ni televisheni?"

Jumanne iliyofuata, alipotoka kazini, Pasi hakwenda nyumbani. Alikwenda maktaba ya mji, akaulizia lile darasa la lugha aliloliona limebandikwa mlangoni.

Darasa lilifanyikia kwenye chumba cha kuhifadhia magazeti ya zamani. Mwalimu alikuwa mama mstaafu aliyesoma ng'ambo miaka mitano ujanani mwake, mkali wa ulimi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wanafunzi walikuwa wanne: vijana wawili wa kutembeza watalii, muuguzi mmoja aliyekuwa anatafuta kazi nje, na Pasi.

"Na wewe, Bwana Dobi, Kihispania cha nini?" Mwalimu alimwuliza.

"Nina mjukuu, Mwalimu."

"Mjukuu anasoma?"

"Mjukuu anaongea. Mimi ndiye sisikii."

Kichwa chake hakikuwa chepesi. Vijana wale walimaliza salamu kwa siku moja, yeye zikamchukua wiki mbili. Lakini alifanya kama anavyofanya kwa mashuka: moja moja, pindo kwa pindo. Miezi minane baadaye aliweza kumwuliza Chiriku amevaa nini, shuleni kuna nini, na paka wao yuko wapi, na majibu aliyadaka nusu. Mkewe alikuwa anamvuta mkono wa shati. "Amesema nini? Amesema nini?" Naye anatafsiri, huku masikio yamemwiva moto kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya mkaguzi.

Jumapili moja Chiriku alisogeza uso karibu na kioo mpaka likaonekana jicho moja tu, akauliza: "¿Cuándo vienes, babu?"

Unakuja lini, babu?

Pasi alilielewa swali lote, ila hakuwa na jibu, maana walikuwa bado wanasoma mambo ya leo na kila siku. Kesho hawajaifikia. Akatabasamu tu. Mtoto akasubiri, kisha akamwonyesha paka.

Jumanne alifika darasani kabla ya wote.

"Mwalimu, naomba unipe wakati ujao."

"Tutafika huko baada ya sura mbili."

"Naomba wa kitenzi kimoja tu. Kuja."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akachukua chaki. "Vitenzi vingi vya kwao ni vya heshima. Unakiacha kizima, unakibandika mkia tu. Hablar ni kusema. Nitasema ni hablaré. Sasa, kuja ni venir. Nitakuja utasemaje?"

"Veniré."

"Ungekuwa sahihi kama dunia ingekuwa na haki. Hiki kinavunjika katikati. Vendré." Akaandika ubaoni akitamka kila moja: "Vendré, nitakuja. Vendrás, utakuja. Vendrá, atakuja. Vendremos, tutakuja. Vendréis, mtakuja, huko kwa mkweo hawaitumii hii, lakini iandike. Vendrán, watakuja."

Pasi hakuyaandika maneno hayo kwenye daftari tu. Kesho yake alichana shuka bovu vipande sita, akaandika kila neno kwa ile kalamu ya wino usiotoka ya kuwekea alama nguo za wodi, akavitundika juu ya mashine ya kukamulia. Mama Mikunjo akasimama mikono kiunoni, akasoma kwa shida.

"Ven-dré. Ven-drás. Hii ndiyo dawa mpya ya madoa?"

"Ni kuja."

"Kuja wapi?"

"Kuja kwa mjukuu wangu."

Wiki nzima ile, kila Mama Mikunjo alipopita na rundo la foronya, alisikika akinong'ona, "Vendremos, vendremos," kwa mdundo wa mashine.

Jumapili ilipofika Pasi alikaa mbele ya simu amenyoa ndevu. Chiriku alipouliza tena, alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya kutosha: "Vendré, hija. Vendré." Nitakuja, binti. Nitakuja.

Mtoto alikunja uso. Akamgeukia baba yake, akamwuliza kitu haraka haraka. Mkwe akacheka kwa upole, akamweleza: "Dice que vendrá." Anasema atakuja. Mtoto akaruka. Pasi alifurahi kuuona mruko ule, lakini mkunjo wa uso haukumtoka moyoni. Akaupeleka kwa Mwalimu.

"Ni kosa langu, sikukuambia," Mwalimu alisema. "Kwetu mimi naweza kukupigia nikasema, nitakuja kwako kesho. Kwao haiwezekani. Kuja ni kufika hapa aliposimama msemaji. Wewe ukisema vendré, mtoto anashangaa: atakuja wapi, na yeye yuko hapo hapo kwake? Wewe unatakiwa useme iré. Nitakwenda."

"Lakini mkwe wangu alisema vendrá."

"Yeye ni haki yake. Yeye yuko huko unakofika. Wewe ukijisema, unakwenda. Wao wakikusema, unakuja. Kuja ni neno la anayesubiri, Bwana Dobi."

Jambo hilo halikumkalia vizuri mkewe. Alikuwa anafuma sweta dogo la bluu, akaacha sindano hewani. "Yaani umwambie mtoto unakwenda? Kwenda ni kwa mgeni. Kwa damu yako unakuja."

"Ndivyo lugha yao ilivyo, mama."

"Basi lugha yao haina adabu."

Hata hivyo Pasi alijifunza iré, na lilikuwa rahisi, halivunjiki popote. Jumapili iliyofuata alilisema, na Chiriku akaelewa bila kumgeukia mtu. Ndipo wazee hao wawili wakaanza mambo kwa dhati. Mkwe aliandika barua ya mwaliko. Pasi akaomba likizo zake zote zilizolala. Akapigwa picha mbili ndogo mbele ya ukuta mweupe, akajaza fomu ya ubalozi kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea mstari.

Ombi la kwanza lilirudi: barua ya mwaliko haina muhuri. Muhuri ukatafutwa huko, ukapatikana, miezi minne ikaliwa. Ombi la pili likakaa kimya mpaka sweta la bluu likamalizika na kuonekana dhahiri kuwa limekuwa dogo. Mkewe akalifumua, akalianza upya kwa kipimo cha miaka saba. Kisha ukaja mstari mmoja: hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba mwombaji atarejea nchini kwake.

Pasi aliusoma akiwa amesimama jikoni.

"Wanasemaje?" mkewe aliuliza.

"Wanaogopa nitabaki."

"Ubaki ufanye nini?"

"Nifue."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kukauka, na mkewe ndiye aliyetangulia kukiacha. Akaketi kwenye kigoda, akainua miguu yake iliyokuwa imeanza kuvimba siku hizo. "Mwambie mkwe taratibu," alisema. "Usimwambie mbele ya mtoto."

Pasi alimwandikia mkwe ujumbe mfupi Ijumaa, akautunga mwenyewe na kuusahihisha mara tatu. Jumapili simu ilipopigwa, Chiriku alikuwa amelala kifudifudi sakafuni anachora. Akainua kichwa, akamwuliza baba yake, si babu yake: "¿Vendrá, papi?"

Mkwe akajibu upesi, kwa sauti ya chini, kwa kasi ambayo watu wazima hutumia wanapojua mgeni hatawahi kuidaka: "No, mi amor. No vendrá."

Pasi aliidaka. Kwa mwaka na nusu wa kujifunza, ile ndiyo ilikuwa sentensi ya kwanza kumfikia kwa mwendo wao wa kawaida, nzima nzima, bila kurudiwa, bila kuikata vipande kichwani. Atakuja? Hapana, mpenzi wangu. Hatakuja. Akaweka mikono juu ya magoti.

"Amesema nini?" mkewe akamvuta shati.

"Amemwambia mtoto sitakuja."

"Umejuaje kulisikia vizuri hivyo?" mkewe akauliza, kisha maana ya jibu ikamfikia, akafunika mdomo kwa kanga.

Baada ya siku ile simu ziliendelea, lakini zilipungua uzito. Chiriku alikuwa anaonyesha mchoro, anasema mawili matatu, anaondoka. Mara nyingine Jumapili ilirukwa na mkwe akaomba radhi Jumatatu. Wakati wa joto kali mwaka huo, uliletwa ujumbe mrefu kuliko yote. Pasi aliusomea kazini wakati wa mapumziko ya chai, ameketi kwenye marobota ya mapazia. Mkwe alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa shule, mwanamke mwema. Wataoana. Watahamia mji mwingine, karibu na wazazi wa huyo mwanamke. Namba ya simu itabadilika. Mtoto atakuwa na bustani. Watapiga simu wakishatulia. Watatuma picha. Hatawasahau kamwe.

Alielewa kila neno. Vitenzi karibu vyote vilikuwa vya wakati ujao, vimejipanga kama mashuka kwenye kamba, na hakuna hata kimoja kilichomshinda.

Aliupeleka ujumbe huo darasani. Muuguzi alikuwa amekwishapata kazi yake nje na kuondoka, wale vijana walikuwa wamechoka zamani, kwa hiyo walikuwa wawili tu, Mwalimu na Pasi, na magazeti. Mwalimu aliusoma mara mbili. Akavua miwani.

"Ameandika vizuri," alisema.

"Mwalimu, mimi sikuja kusahihishiwa uandishi. Hapa, 'los llamaremos'. Tutawapigia. Watapiga?"

Mwalimu alivaa tena miwani. "Nitakuambia kitu ambacho kimo sura ya mwisho, ambayo hatukuifikia. Mtu wa kule akikusudia jambo, akiwa ameshanyanyua mguu, mara nyingi hasemi hivi. Anasema 'vamos a llamar', tunakwenda kupiga. Huu wakati ujao niliokufundisha, wanautumia sana kwa ahadi, kwa barua, na kwa kubahatisha. Hata kitu cha sasa wasichokijua wanakisema nao. Estará durmiendo. Maana yake si kwamba atakuwa amelala kesho. Maana yake, sijui, labda amelala sasa hivi."

"Kwa hiyo ulinifundisha wakati wa kubahatisha."

"Nilikufundisha ulichoniomba. Simwiti mkweo mwongo, unisikie vizuri. Huyu anaamini alichoandika."

"Najua anaamini," Pasi alisema. "Ni kijana mzuri."

Nyumbani alimweleza mkewe yote, bila kuficha wala kutia chumvi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi watapiga wakitulia." Jumapili iliyofuata alichana nywele saa nane na nusu, akavaa hereni, akakaa wima kwenye kochi. Saa tisa ikapita. Saa kumi akainuka kupika. Wiki ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwezi wa tatu akaacha hereni. Mwezi wa tano akawa analala mchana siku za Jumapili, amegeukia ukutani, na Pasi alijua hajalala.

Alijaribu namba ya zamani. Sauti ya mwanamke, ya mashine, ikamwambia kwa Kihispania safi kwamba namba hiyo haitumiki. Aliandika barua kwa anwani ya zamani, ikarudi na mihuri. Meli aliyofanyia kazi binti yake ilikuwa imeuzwa, kampuni imebadili jina. Hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Maktaba ilitaka chumba chake, darasa likafungwa. Mwalimu alimpa mkono, akamwambia, "Ungeweza kuwa mwanafunzi mzuri ungeanza mapema." Pasi akashukuru. Mwaka ule ule alistaafu. Mama Mikunjo alimkunjia shuka jipya kama zawadi, pembe kwa pembe, akashindwa kutania.

Yakapita karibu miaka miwili. Jumamosi moja alasiri, Pasi akiwa anafunga bawaba ya kabati la jikoni na mkewe anachambua mboga mezani, simu iliita. Namba ilikuwa ndefu, ngeni. Hakukuwa na picha, sauti tu. Sauti ya msichana.

"¿Quién habla?" Nani anaongea?

Pasi alishuka kwenye kigoda polepole. Aliuliza kwa Kihispania nani amepiga. Msichana akasema, bila woga, kwamba ameikuta namba hii kwenye daftari la mama yake, lilikuwa ndani ya sanduku, na amebonyeza tu aone ni ya nani.

"Soy tu abuelo," Pasi alisema. Mimi ni babu yako.

Msichana akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayesahihisha anwani: "Mi abuelo está en el patio." Babu yangu yuko uani.

Na kweli nyuma yake alisikika mwanaume mzee anakohoa, ndoo inawekwa chini. Sentensi zikamjia Pasi zote kwa mpigo, za jana na za leo na za kesho, zimesahihishwa, ziko tayari. Neno iré likamfika mdomoni, akalimeza. Akauliza tu kama yuko salama. Msichana akasema ndiyo. Akasema anamkumbuka mzee mmoja wa kwenye simu, mrefu, labda ndiye yeye. Halafu mtu akamwita kwa jina lake la huko, jina ambalo Pasi alikuwa hajawahi kulisikia likiitwa kwa sauti kubwa namna ile. "Ya me voy," akasema msichana, naondoka, na simu ikakatika. Pasi alipoipigia namba ile jioni, iliita mpaka ikachoka. Kesho yake haikupatikana.

Lakini kwanza, pale pale jikoni, kisu cha mkewe kilikuwa kimesimama juu ya mboga.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Amesema nini?"

"Amesema ana babu huko. Yuko uani."

Mkewe aliitikia kwa kichwa, mara mbili. Akasogeza maganda upande mmoja wa meza kwa kiganja.

"Sauti yake ikoje sasa?"

"Imekua nzito kidogo. Anasema taratibu, si kama zamani."

"Imefanana na ya mama yake?"

Pasi aliigeuzageuza bisibisi mkononi. Alitaka kumjibu vizuri.

"Sijui," alisema. "Ya mama yake nimeanza kuisahau."

Mkewe aliinua beseni la mboga, akaenda kulijaza maji bombani.